Filimbi ya Fedha na Mtu wa Ridhaa

Nilipompigia baba simu kumwambia kwamba nataka kununua filimbi mpya, hakuniuliza bei. Aliuliza, "Kwani ile ya zamani imekufa?"

Nikamwambia hapana, haijafa. Inapiga.

"Sasa mpya ya nini, mama?"

Sikuwa na jibu. Nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza kuhusu korosho. Lakini swali lake halikuondoka, na kwa kuwa kwenye blogu hii huwa tunajadili vitabu na maswali ambayo vitabu vinatuachia, nimeona nilete hapa swali ambalo mimi nimeachiwa na mzee wa miaka sabini na sita aliyekuwa amekaa chini ya mwembe kule Nachingwea.

Kwanza nijieleze, maana neno lenyewe lina utata. Ukimwambia mtu Dar es Salaam kwamba unapiga filimbi, atakuuliza kama wewe ni refa. Ukikataa, atauliza kama ni trafiki. Kiswahili kimeziweka zote kwenye kapu moja. Ninayoizungumzia mimi ni ile ndefu ya chuma, inayoshikwa kwa kulazwa upande wa kulia wa uso, yenye vitufe vingi kama saa iliyofunguliwa tumbo. Umbo lake la sasa lilikamilishwa Munich mwaka 1847 na Theobald Boehm, mtu aliyekuwa mpigaji na mfua dhahabu kwa pamoja. Nimekuwa nikiipiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ni uhasibu. Jumapili napiga na kwaya ya parokia, Jumamosi mbili kwa mwezi tunakutana watu watano sebuleni kwa mwenzetu mmoja, na mara chache napiga harusini, ambako malipo ni pilau na asante. Sijawahi kuishi kwa filimbi na sitaishi kwayo.

Baba ndiye aliyeishi kwayo. Alikuwa kwenye bendi ya polisi kwa miaka thelathini na moja. Alipiga kwenye magwaride, kwenye mapokezi ya wageni wa serikali, na kwenye mazishi mengi kuliko anavyopenda kukumbuka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki filimbi hata moja. Filimbi ilikuwa mali ya serikali: asubuhi aliichukua stoo, jioni aliirudisha, na mwishoni mwa juma, akipewa ruhusa, alikuja nayo nyumbani. Hapo ndipo nilipojifunzia. Siku aliyostaafu alisaini kwenye daftari la stoo, akaikabidhi, akapanda basi la kusini. Hakupiga tena.

Mimi niliponunua yangu kwa mshahara wa kwanza, nilinunua ya mtumba. Ilikuwa ya wanafunzi, mwili wake wa nikeli umepakwa fedha kwa nje. Imenitumikia vizuri. Ila kwa miaka mitano hivi noti zake za chini kabisa zilikuwa zinanong'ona badala ya kusema, na noti za juu, ukijaribu kuzipiga kwa upole, zilikuwa zinapasuka au kushuka. Nikajiambia nimefika ukomo wa chombo. Hii ni sentensi tamu sana kwa mpigaji yeyote wa muda mrefu. Maana yake ni kwamba tatizo si wewe.

Nikaanza kuweka akiba. Miaka minne. Nilijiwekea kikomo cha paundi 2,500, yaani shilingi milioni nane na ushei, kwa sababu nilijua kwamba kazini wangenipeleka London kwa mafunzo ya wiki mbili, na kule yapo maduka ambayo unaingia chumbani na filimbi sita mezani, unafunga mlango, unapiga saa mbili bila mtu kukusumbua. Hapa kwetu utapata moja au mbili za wanafunzi dukani, uchague kwa kuangalia.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa kuliruka. Katika mwaka wa nne wa akiba ile, binamu yangu aliniomba nimsaidie ada ya chuo, milioni moja na nusu. Nilimpa laki saba na nusu. Nilimwambia hiyo ndiyo iliyopo. Haikuwa kweli. Nyingine ilikuwepo, ila ilikuwa na jina. Kijana akaahirisha muhula mmoja.

Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1972 mfano ambao wengi mnaufahamu: ukipita kando ya bwawa ukaona mtoto anazama, utaingia kumwokoa hata kama nguo zako zitaharibika, kwa nini basi usitoe pesa ya anasa kumwokoa mtoto aliye mbali? Watu huujibu mfano huu kwa kusema kwamba ukiufuata hadi mwisho hakuna atakayebaki na filimbi, wala jezi ya Simba, wala ua dirishani. Hilo ni kweli. Lakini huo ni utetezi wa filimbi kwa jumla, na mimi sikuwa nashitakiwa kwa jumla. Nilishitakiwa na laki saba na nusu, na mtu wa upande wa pili nilimjua kwa jina. Kiswahili kina ukatili wake hapa: fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Kila nilipotamka "filimbi ya fedha" nilikuwa nasema yote mawili.

Basi nikafika London, nikaingia dukani na filimbi yangu mkobani, mdogo wangu anayeishi kule akiwa pembeni anapiga miayo kwa sababu alitoka zamu ya usiku. Kabla ya kunipeleka chumbani, fundi wa duka aliomba aione niliyokuja nayo. Akachukua kipande cha karatasi ya sigara, akakiweka chini ya kila pedi, akafunga kitufe, akavuta taratibu. Palipofungwa sawasawa karatasi ilishikwa. Pedi tatu ziliiachia ikateleza kama ulimi. Akakaza skrubu, akabadilisha pedi moja, akainamia ile kazi kama nusu saa, akanirudishia.

Nikapiga noti ya chini kabisa. Ikasema. Sauti nene, bila kusita, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mitano. Ule "ukomo wa chombo" wangu ulikuwa upepo unaovuja kwenye matundu matatu.

Sababu yangu kubwa ikafa palepale mezani kwa fundi. Na tamaa haikufa.

Huu ndio wakati ambao ningependa wapigaji wenzangu, na hata wasiopiga, waujue. Tunadhani tunataka kitu kwa sababu fulani. Siku sababu inapoondoka ndipo unapoona kama kutaka kulikuwa kumeegemea juu yake au kulikuwa kumesimama kwenyewe. Ningeweza kusema asante, nikalipa ufundi, nikatoka. Nikaingia chumbani.

Nilikuwa na sababu ya pili ya akiba: waumini. Parokia inastahili sauti nzuri, nilijiambia, sadaka haitolewi kwa kitu hafifu. Tukaijaribu na hiyo. Mdogo wangu akageuka ukutani, mimi nikapiga wimbo mmoja kwa filimbi nne, moja baada ya nyingine, kisha nikazichanganya nikarudia. Aliulizwa ipi ni nzuri zaidi. Mara ya kwanza alichagua yenye kichwa cha fedha tupu. Mara ya pili alichagua yangu ya zamani, kwa uhakika kabisa, akasema, "Hiyo ndiyo ya bei mbaya, inasikika."

Si kwamba masikio yake ni mabovu. Mwaka 1971 Mmarekani John Coltman alichapisha jaribio la filimbi zilizofanana vipimo, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mti, na vichwa vya aina moja. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Hata wapigaji, walipozipiga bila kujua wameshika ipi, walishindwa. Kinachobadilisha mambo zaidi ni jinsi tundu la mdomo lilivyochongwa: ukali wa ukingo, kina cha ukuta wake, pembe ambayo pumzi inakutana nayo. Mikroni kadhaa za kazi ya mkono. Mafundi wa vyombo wanalijua hili, ndiyo maana wanakushauri ubadilishe kichwa kabla ya kubadilisha mwili wote.

Na tofauti hiyo ya tundu la mdomo mimi niliisikia? Niliihisi. Kwenye moja kati ya zile sita, nilipunguza pumzi hadi karibu na kukata, na noti haikukatika. Iliendelea kuwa nyembamba, nyembamba, bado noti. Kwenye yangu, hata baada ya fundi, pale sauti hufa. Mdogo wangu ukutani hakusikia lolote la ajabu. Kwake wimbo uliisha kwa upole, mara zote. Faida yote ilikuwa yangu, mdomoni kwangu. Waumini hawamo. Nikajua kwamba nikiinunua, nainunua kwa ajili yangu, na kwamba nikisema vinginevyo parokiani nitakuwa nadanganya mahali pabaya.

Hapo neno likanijia. Kwenye michezo tunasema ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Mimi ni mpigaji wa ridhaa. Lugha nyingine zinamwita mtu wa namna hii mpenzi wa kitu. Sisi tunamwita mtu aliyeridhia, anayefanya kwa hiari, ambaye moyo wake umetulia pale alipo. Sasa mtu wa ridhaa anayetaka chombo kikubwa zaidi si amejikana? Kama nimeridhika, nataka nini tena? Na kama sijaridhika, kwa nini nisiende kwenye kulipwa, nikaonane na wanaume?

Nililikaa swali hili kwenye kiti cha chumba kile muda mrefu kuliko nilivyopiga. Nadhani kosa ni kufikiri kwamba ridhaa inahusu kiwango. Mtu wa ridhaa hakubaliani na udogo wa kipaji chake tu. Ameridhia kwamba jambo hili halitamlipa. Hilo ndilo mapatano. Ukiondoa malipo, kinachobaki ni noti yenyewe, na mtu aliyebaki na noti yenyewe ana haki ya kuijali noti kuliko hata anayelipwa, ambaye wakati mwingine lazima apige tu hafla iishe. Baba aliniambia zamani kwamba kwenye mvua ya gwaride hakuna anayesikiliza sauti, wanaangalia viatu.

Lakini kuijali noti ni kitu kimoja, na kustahili chombo ni kingine. Na kwenye hili filimbi ina bahati ya ajabu, kwa sababu wanafalsafa wameitumia yenyewe hasa kama mfano.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anauliza nani apewe filimbi bora. Si mwenye ukoo bora, anasema, wala mwenye sura nzuri, kwa sababu ukoo na sura havipigi. Apewe anayepiga vizuri zaidi. (Filimbi ya Wagiriki ilikuwa na tete mdomoni, jamaa ya karibu ya zumari letu, lakini hoja ni ileile.) Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, mwaka 2009, Amartya Sen katika kitabu chake juu ya haki aliwaweka watoto watatu mbele ya filimbi moja. Anne ndiye pekee anayejua kuipiga. Bob ni maskini, hana kitu kingine cha kuchezea. Carla ndiye aliyeitengeneza kwa miezi mingi. Sen anasema kila mmoja ana hoja ya kweli, na kwamba huwezi kumchagua mmoja bila kwanza kuchagua haki ya aina gani unaiamini.

Nilipousoma mfano ule mara ya kwanza niliuona mtamu. Nikiwa kwenye chumba kile niliuona unakosa mtu mmoja: mimi. Yaani mtu ambaye si bora katika kupiga, si maskini, hakuitengeneza, ila ana milioni nane. Katika maisha, filimbi nyingi zinakwenda kwake. Hakuna hakimu anayezigawa. Mnunuzi ni mdai na hakimu kwenye kesi ileile, na ndiyo maana hukumu hutoka haraka.

Carla alikuja mwenyewe. Muuzaji, mama mmoja mpole, alinigongea akaniletea ya saba, "ya kujaribu tu". Ya mti. Nyeusi, nzito, inang'aa kama jiwe la mtoni. Akaniambia jina la mti kwa Kiingereza. Nikamwambia kwetu unaitwa mpingo. Mchi wa kinu cha bibi ulikuwa wa mpingo. Ukiutupa kwenye maji unazama. Unachukua miaka sabini na zaidi kukomaa kiasi cha kuvunwa, na misitu yake mikubwa iko kusini mwa Tanzania, huko nilikotoka. Kilwa kuna vijiji vinavyovuna misitu yao wenyewe kwa cheti cha kimataifa tangu 2009. Nikaipiga. Sitaieleza. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kikomo changu.

Kwenye ndege nilianza kujitungia hadithi kwamba niliiacha kwa heshima ya msitu. Ni uongo mzuri, ndiyo maana nauandika hapa ili nisiusimulie mahali pengine. Kijiji kinachouza mpingo wake kwa halali kingefurahi watu wanunue. Niliiacha kwa sababu sina pesa hiyo. Ila kitu kimoja kilibaki: katika duka zima, chombo pekee ambacho ningeweza kusema watu wa kwetu wana mkono ndani yake ndicho nilichoshindwa kukishika.

Nilinunua ile ya noti isiyokatika. Kichwa fedha tupu, mwili umepakwa. Paundi 2,300. Ile laki saba na nusu ya binamu yangu ni kama moja ya kumi yake.

Je, niliistahili? Baada ya miezi kadhaa nayo nasema swali nililiuliza kabla ya wakati wake. Tunazungumza juu ya kustahili kama tiketi: uwe nayo kwanza ndipo uingie. Chombo kizuri kwangu kimekuwa zaidi kama deni. Ile ya zamani ilinipa visingizio. Pedi, nikeli, umri. Hii haina cha kusingizia. Noti ikipasuka, mimi ndiye niliyeipasua. Sasa naamka saa kumi na moja na nusu, napiga noti ndefu nusu saa kabla ya foleni ya Mbagala, kitu ambacho sikufanya kwa miaka kumi. Nikiacha kufanya hivyo, hapo nitakuwa sistahili, na itakuwa haki mtu kuja kuichukua. Najua pia kwamba mdaiwa anayejipangia mwenyewe masharti ya deni lake yuko raha.

Desemba nilikwenda Nachingwea na zote mbili. Baba alizifuta kwa kanzu, akaziunganisha bila kuangalia, vidole vikikumbuka. Akaanza na mpya. Kwa dakika kama kumi alikuwa anatafuta mdomo. Kisha akaupata, na sauti ikatoka ambayo mimi na nusu saa zangu za alfajiri hatujaifikia. Miaka ishirini bila kugusa. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko.

Kwa hukumu ya Aristotle kesi ilikwisha pale. Nikamwambia, "Baba, chukua hiyo." Nilimaanisha, au karibu nimaanishe.

Aliigeuza geuza, akanirudishia. "Hii nikiichukua nitaiogopa. Nimetunza mali ya watu miaka thelathini na moja. Nipe ile ambayo ikianguka hakuna wa kuniandikia barua."

Kwa hiyo mpigaji bora katika familia yetu ana filimbi hafifu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, na ni ya kwanza kuwa yake. Mpigaji wa kati ana ya fedha. Anaipiga kila jioni, mama anasema, hadi mbwa wamezoea.

Binamu yangu alimaliza chuo, muhula mmoja nyuma ya wenzake. Kwenye sherehe aliniomba nimpigie wimbo, nikampigia, nikaimaliza ile noti ya mwisho taratibu, ikawa nyembamba, nyembamba, bado noti. Akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Hajawahi kuniuliza filimbi iligharimu kiasi gani, nami sijamwambia.